Kosa Lilikuwa Kwenye Kioo, Adhabu Nikampa Kijana

Nilimkata kijana mmoja nusu ya ujira wake kwa kosa nililolinunua mimi mwenyewe Kariakoo. Kwa muda mrefu jambo hilo nimelipa majina mepesi: bahati mbaya, uchovu wa siku, ugeni wa vifaa. Leo nalitaja kwa jina lake. Ni dhuluma. Chanzo chake ni monita ya kamera niliyoichagua kwa ukubwa wa kioo na unafuu wa bei, bila kumuuliza muuzaji swali lolote la maana. Mwisho wake ni kijana mwaminifu kuondoka kazini kwangu akiwa amebeba lawama isiyo yake.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaopiga video kwa mitaji midogo, wa Upanga, Sinza, Temeke, Mbagala na kwingineko. Sisi hatununui vifaa kwa fedha za mfadhili. Tunadunduliza malipo ya harusi hii na ya ile, kisha tunashuka Kariakoo. Kununua kitu cha bei nafuu si kosa, na sitaki mtu asome maungamo haya akadhani namwambia asubiri mpaka atajirike. Kosa langu ni jingine.

Nilianzia kwenye shughuli: sendofu, ndoa, ubarikio, mahafali. Ukumbi wa Diamond Jubilee hauko mbali na ninapokaa Upanga, na usiku mwingi niliumalizia humo nikiwa na kamera mkononi. Kamera yangu ni Sony A7 III, aina iliyotoka mwaka 2018, nami niliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Kamera za namna hii zilitengenezwa kwanza kwa picha za mnato. Canon walipotoa 5D Mark II mwaka 2008, wapiga filamu wa kipato kidogo duniani kote waligundua kwamba kamera ya picha inaweza kutoa filamu yenye sura ya sinema, nasi hapa Bongo tukaingia humo humo. Shida ni kwamba kioo cha nyuma cha kamera hizo kimewekwa kwa jicho la mtu mmoja aliyesimama nyuma yake. Kina inchi 3 tu. Mwongozaji akitaka kuona, na msaidizi anayezungusha fokasi naye akitaka kuona, kioo hakiwatoshi. Ndipo inapohitajika monita: kioo cha ziada kinachofungwa juu au ubavuni mwa kamera, kikipokea picha kwa waya wa HDMI.

Hiyo ndiyo sababu ya kazi. Sababu yangu ya moyoni ilikuwa nyingine, na nisipoitaja maungamo haya hayatakamilika. Nilikuwa nimeona ukumbini jinsi watu wanavyompisha mpiga video mwenye kamera iliyosheheni vifaa: keji inayoizunguka, mikono ya chuma, kioo kikubwa kinachowaka juu. Wazee wa kamati humwita mtaalamu. Mimi mwenye kamera tupu niliambiwa nisogee, nisizibe meza kuu. Niliitaka heshima ile. Niliwaza wateja watakavyoiona monita yangu kabla ya kuwaza mimi nitaona nini ndani yake.

Siku ya kununua nilishuka Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi Faya, nikavuka Barabara ya Morogoro na kuingia Msimbazi. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba hufiki mbali kabla winga hajakupokea. Winga hana fremu wala mzigo wake. Ana miguu, mdomo, na kila ghorofa la mtaa ule analo kichwani. Riziki yake ni ile nyongeza anayoiweka juu ya bei ya mwenye duka. Aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu: monita ya kamera, kubwa, ya 4K, isiwe ya bei kali. Hayo ndiyo maneno yangu yote.

Alinipandisha ngazi hadi kwenye fremu nyembamba, muuzaji akashusha boksi lenye kioo cha inchi 7. Maandishi makubwa yalisema inapokea 4K. Akaiwasha mle ndani, chini ya taa ya tyubu, ikang'aa vizuri. Kando yake palikuwa na nyingine ya inchi 5, ndogo kama simu ya mkononi, na bei yake ilikuwa juu kidogo. Nikaidharau. Sikuona sababu ya kutoa hela zaidi nipewe kioo kidogo zaidi. Nikachukua ile kubwa, na kwa fedha zilizobaki nikanunua betri yenye umbo la NP-F970 isiyojulikana imetoka kiwanda gani, waya mwembamba wa HDMI, na kishikio cha bei ya chini kabisa cha kufungia monita juu ya kamera. Risiti nilipewa. Hakuna aliyenidanganya. Kila kilichoandikwa kwenye boksi kilikuwa kweli, na ndiyo maana leo siwezi kumtupia lawama winga wala mwenye duka.

Kwa miezi kadhaa monita ilinipa nilichokitaka. Ukumbini nilipishwa. Taa za ukumbi si kali kama jua, lenzi niliyotumia ilikuwa ikijitafutia fokasi yenyewe, na video ya harusi huangaliwa zaidi kwenye simu. Kasoro zilikuwapo, lakini hazikupata pa kuonekana.

Kisha tukaamua, mimi na wenzangu wachache, kufanya kazi ya maana zaidi. Upanga inabadilika mbele ya macho yetu. Nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizojengwa miaka ya 1950 na 1960, zenye roshani pana na matofali ya matundu ya kupitishia upepo, zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa marefu. Tulitaka kurekodi kumbukumbu za wakazi wa zamani kabla nyumba hazijaisha na watu hawajatawanyika. Wakati huo sote tulikuwa na hamasa. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilikuwa imeoneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Tukajiambia kwamba kazi ya Mtanzania inaweza kufika kwenye kioo kikubwa, na yetu nayo ifanywe kwa kiwango hicho.

Mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, alikubali kutusimulia. Baba yake alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa kwa akiba ya duka, wakakaa wenyewe sehemu moja na kupangisha nyingine. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Nyumba ikawa ya serikali, na familia ikaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majumba ili iendelee kulala ndani ya kuta ilizozijenga. Msajili huyo aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na mama aliendelea kuishi mle mle. Alisimulia bila chuki. Alieleza jinsi baba yake alivyozikunja hati, akazifungia kabatini, na kuwaambia watoto kwamba kesho wataenda shule kama kawaida. Katika kazi zangu zote sijawahi kupata simulizi kama ile.

Tulimketisha kwenye roshani yake, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nilitaka sura yake tu iwe kali na nyuma yake pafifie, kwa hiyo nikafunga lenzi ya zamani ya milimita 85, ya kuzungusha kwa mkono, na kuifungua hadi f/1.8. Hapa msomaji asiye wa fani anahitaji kujua jambo moja. Kwa lenzi hiyo, mtu akiwa umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayokuwa kali ina kina cha sentimita tatu hivi. Fokasi ikishika ncha ya pua, macho yanaweza kuwa nje. Mzee akiegemea kiti kidogo tu, amekwisha kutoka. Kumfuata kunahitaji mkono mwepesi na kioo kinachosema kweli.

Mkono mwepesi tulikuwa nao. Kijana wangu wa fokasi alikuwa mtulivu, anayefika kabla ya wote na kufuta lenzi bila kuambiwa. Alianza kuzungusha, akasita. Akaniambia, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Kaka, kwenye kioo hiki sioni kama jicho limekaa. Tuikuze picha kwenye kioo cha kamera kwanza." Nikamwambia afuate mistari myekundu. Monita hizi zina msaada unaoitwa piking: huchora rangi kwenye kingo za vitu vinavyoonekana vikali. Mistari ilikuwa imejaa uso mzima, kuanzia miwani hadi pindo la mtandio. Nikaona hiyo ni dalili njema. Sikujua kwamba piking huwaka kila mwanga unapokutana na giza kwa nguvu, na kwamba ikijaa kila mahali haikuambii chochote kuhusu jicho.

Jua nalo likazidi. Kioo kikawa kinatuonesha sura zetu wenyewe. Nikaona picha ni ya giza, nikaongeza mwanga kwenye kamera. Bado giza, nikaongeza tena. Kamera yangu ina mistari ya zebra inayoonya sehemu zilizoungua kwa weupe, lakini nilikuwa nimeizima kwa sababu iliniharibia mandhari ya kioo. Mama alipofika kwenye habari za mwaka 1971, betri ikazima. Kijana akakimbilia nyingine, kishikio kikalegea, monita ikainama na kuvuta waya, picha ikaanza kukatika. Nikamfokea mbele ya mama wa watu. Mama akasema, "Polepole, wanangu," akaanza upya sentensi yake. Hata hapo sikujifunza.

Tuliiona kazi kwa mara ya kwanza kwa projekta, ukutani, mbele ya watu tuliowaalika watupe maoni. Mara masikio ya mama ndiyo makali. Mara pazia la nyuma ndilo kali kiasi cha kuhesabu nyuzi. Macho yake yalikuwa na ukungu tangu mwanzo hadi mwisho, na paji la uso na mtandio mweupe vilikuwa vimeungua, hakuna hata mkunjo mmoja wa kitambaa uliosalia. Mgeni mmoja akauliza kwa upole kulikoni. Nikajibu mbele ya wote kwamba kijana wa fokasi alizubaa. Kijana alikuwa amekaa nyuma. Hakusema neno. Wiki hiyo nilimlipa nusu ya tulichokubaliana, nikamweleza kwamba nusu nyingine ni gharama ya uzembe. Akapokea, akasema, "Asante, kaka," na hakuonekana tena kwenye kazi zangu.

Kurudia kurekodi hakukuwezekana. Mama alikuwa ameshawafuata wanawe Toronto, na nyumba ilikuwa imeshaanza kuvuliwa milango na madirisha. Kilichookoka ni sauti, kwa kuwa tuliichukua kwa kinasa sauti cha peke yake. Tukaitandaza sauti ile juu ya picha za mitaa ya Upanga, na watu wakatusifu kwa ubunifu. Nilizipokea sifa hizo, na hilo nalo naliungama. Mtu aliyetupa kumbukumbu zake hana sura katika filamu yake mwenyewe.

Nilikuja kuujua ukweli siku rafiki yangu mpiga picha alipotaka kuazima monita ile. Kabla ya kuichukua aliniuliza kioo chenyewe kina pikseli ngapi. Nikamjibu ni 4K. Akatikisa kichwa, akaligeuza boksi, akanionesha maandishi madogo ya chini: 1024 kwa 600. Kupokea 4K kulimaanisha kwamba monita inaweza kuingiziwa picha ya 4K kutoka kwenye kamera. Ikishaingia, inabanwa mpaka ienee kwenye pikseli chache zilizopo.

Nilikaa nikapiga hesabu. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane. Kioo changu kilikuwa na 614,400. Kila nukta moja niliyoiona ilisimama badala ya nukta kumi na tatu na zaidi zilizokuwa zinarekodiwa. Lililoniumiza zaidi lilikuwa hesabu ya pili. Kioo cha nyuma cha Sony A7 III hutangazwa kuwa na doti 921,600, lakini doti tatu ndizo zinazofanya pikseli moja, kwa hiyo ni pikseli 640 kwa 480. Zikitandazwa kwenye inchi 3 zinatoa kama pikseli 267 kwa kila inchi. Monita yangu ya inchi 7 ilitoa kama 170. Nilikuwa nimetoa fedha kununua kioo ambacho pikseli zake zimetawanyika kuliko za kile kilichokuwa tayari kwenye kamera. Ile ya inchi 5 niliyoidharau dukani ilikuwa na 1920 kwa 1080, takriban pikseli 440 kwa kila inchi. Kijana aliposema tuikuze picha kwenye kioo cha kamera, alikuwa sahihi kwa kila namna.

Betri nayo niliipima. Ndani ya NP-F970 halisi mna seli sita za mviringo, na seli ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake zinakaribia gramu 270 kabla ya ganda. Niliipeleka yangu kwenye mizani ya muuza viungo. Ilikuwa na ganda la seli sita na uzito wa seli tatu au nne. Haikuzima kwa bahati mbaya siku ile. Ilizima pale ilipoishiwa.

Nilimtafuta kijana. Nilimkuta akiendelea na kazi kwenye vikundi vingine, na kupitia wenzake nilisikia anasifiwa. Nilimweleza yote, nikamrudishia nusu ya ujira wake na cha juu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau: fedha kidogo nilizompa wiki ile alikwenda nazo kupima macho. Aliniamini. Aliamini kwamba mimi mkubwa wake siwezi kusema hadharani neno lisilo kweli, kwa hiyo kasoro lazima iwe machoni mwake. Mpimaji alimwambia macho yake ni mazima.

Baada ya hapo niliwafuata waliokuwapo siku ya kuonesha filamu, mmoja mmoja, nikawaambia kwamba uzembe ule ulikuwa wangu. Wengine waliona nalikuza jambo dogo. Si dogo. Katika kazi hii kijana hana cheti cha kuonesha. Ana jina lake tu, nami nilikuwa nimelipaka matope mbele ya watu wanaoajiri.

Sasa niseme ninachokifanya nikinunua, kwa sababu majuto pekee hayamsaidii mtu anayeshuka Kariakoo kesho asubuhi.

Swali la kwanza ni hili: kioo chenyewe kina pikseli ngapi? Si kinapokea nini, bali kina nini. Kwa inchi 5 usikubali chini ya 1920 kwa 1080. Leo viwanda vya China kama Feelworld, Lilliput na Andycine vinatengeneza vioo vya kiwango hicho kwa bei ambayo mpiga harusi anaweza kuidunduliza. Kioo kidogo chenye pikseli nyingi kinamfaa kijana wa fokasi kuliko kikubwa chenye chache.

La pili ni nguvu ya mwanga, inayopimwa kwa niti. Vioo vingi vya bei ya chini viko kwenye niti 400 hivi, na hizo zinatosha ukumbini. Kwa jua letu tafuta 1000 au zaidi. Atomos wa Australia walipotoa Shinobi mwaka 2019, yenye inchi 5.2 na niti 1000, bei yake ilikuwa dola 399. Leo zipo za Kichina, kama Feelworld LUT6, zinazotangazwa kufika niti 2600. Fedha isipofika huko, shona kofia ya kaniki kuzunguka kioo na umfunike msaidizi wako kichwa na mabega. Kitambaa hicho kingeniokoa siku ile roshanini.

La tatu, nenda na kamera yako na gazeti. Lilaze gazeti, fokasi ishike, kisha usome maandishi madogo kwenye monita. Usipoweza kuyasoma, usitarajie kuona ukope. Omba kuitoa nje ya fremu, uitazame juani. Muuzaji mkweli hatakukatalia. Tazama pia kama ina vipimo vya mwanga, yaani rangi bandia au mchoro wa mawimbi, kwa maana jicho lililo juani hudanganywa, vipimo hivyo havidanganywi. Na kama kamera yako ina zebra, iwashe.

La nne, usimalize fedha kwenye kioo. Betri ipimwe kwa mizani, na Kariakoo hutakosa mizani. Betri halisi ya NP-F970 ina kama mAh 6,600 kwa volti 7.2, na monita inayokula wati 10 itakaa nayo zaidi ya saa nne. Ile ndogo ya NP-F550 itakaa saa moja na nusu hivi. Ukiona betri ya bei ya kutupa imeandikwa tarakimu kubwa kuliko hizo nayo ni nyepesi mkononi, irudishe. Waya uufahamu kwa soketi yake: kamera nyingi ndogo zina HDMI ya maikro, ambayo ni dhaifu, na kishikio kikilegea kinachoumia ni kamera. Nunua keji yenye kibanio cha waya. Haina mbwembwe, lakini ndiyo inayolinda soketi ambayo kuitengeneza ni kuifungua kamera yenyewe.

La tano ni kwa asiye na fedha kabisa. Usinunue. Kuza picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kurekodi, na ufunge lenzi hadi f/4. Kwa lenzi ile ile na umbali ule ule, kina cha ukali kinafika sentimita saba hivi, zaidi ya mara mbili. Nyuma ya mtu hapatafifia kama unavyotamani, lakini macho yake yatakuwapo. Kwa mzee anayesimulia maisha yake, macho ndiyo filamu.

Ndugu zangu mnaomiliki kamera na kuajiri vijana: msaidizi akikuambia haoni, msikilize, maana yeye ndiye aliyeweka jicho pale. Simamisha kazi, angalia kifaa kabla ya kumwangalia mtu. Na kama umeshawahi kumkata kijana ujira wake kwa picha iliyoharibika, rudi leo ukaipime ile monita, ule waya na ile betri. Ukikuta kosa lilikuwa kwenye kifaa ulichokichagua wewe, mrudishie haki yake, na umwombe radhi mbele ya wale wale uliomtuhumu mbele yao.